Barua ya wazi kuhusu swichi moja, kwa wakuu wa usafiri wa anga

Kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi, kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, na kwa wakuu wa mashirika yote yanayoleta abiria Kisumu.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Otonglo, karibu na ua wa Kiwanja cha Ndege cha Kisumu. Mimi ni fundi mstaafu wa mitambo ya redio za ndege. Nimeshika bisibisi miaka mingi kuliko nilivyoshika kalamu, kwa hiyo mtanivumilia nikienda kombo.

Wiki chache zilizopita nilikuwa narudi nyumbani kutoka Nairobi kwa ndege ya asubuhi. Tulikuwa tumeshashuka juu ya ziwa, magurudumu yako nje, magugu maji yanaonekana kama mikeka iliyosahauliwa, na mama aliyekaa kando yangu alikuwa anavaa viatu alivyovivua tangu Nairobi. Mara injini zikanguruma, pua ikainuka, matumbo yetu yakabaki chini. Mtu wa nyuma akaita jina la Yesu. Mama akanishika mkono, kiatu kimoja mguuni na kimoja mapajani. Baadaye kidogo rubani akasema kwenye spika, kwa Kiingereza kilichotulia, kwamba chombo cha kuepusha mgongano kilikuwa kimemwamuru apande kwa sababu ya ndege nyingine iliyokuwa karibu, na kwamba tutazunguka na kurudi kutua. Tukazunguka, tukatua. Tulichelewa kama dakika kumi hivi, basi.

Lililoniudhi lilitokea chini. Mzee mmoja aliyevaa tai alimsimamia mhudumu mlangoni, akamwambia: "Mwambie huyo kijana asijifunzie kazi na roho zetu." Watu wakacheka, wakaunga mkono. Kijana mwingine alikuwa amerekodi ule mngurumo kwa simu, na kabla mizigo haijatoka ilikuwa imeshaingia kwenye makundi ya WhatsApp pamoja na maneno ambayo sitayarudia kuhusu rubani na chupa. Siku chache baadaye nikasikia kwa mtu wa kazi hiyo kwamba rubani ametakiwa aandike maelezo: mafuta kiasi gani yametumika, kwa nini ratiba imeharibika, na kama kweli alikuwa ameshindwa kuiona ile ndege nyingine kwa macho yake. Sitalitaja shirika. Sitafuti kesi.

Ninachotaka kusema ni kwamba yule kijana alifanya kazi yake jinsi inavyotakiwa ifanywe, na kwamba ile karatasi ya maelezo ni hatari kuliko ile ndege nyingine.

Niruhusuni nieleze, maana barua hii itasomwa na wengi ambao hawajawahi kuingia chumba cha rubani.

Chombo chenyewe kinaitwa TCAS. Marubani husema "tikasi". Kazi yake ni kupiga hodi. Kila sekunde hutuma swali hewani kwa masafa ya megahezi 1030, na kila ndege iliyo jirani yenye transiponda, yaani redio ya kujibu, inayofanya kazi huitikia kwa megahezi 1090: nipo, na kimo changu ni hiki. Kutokana na majibu hayo chombo hupiga hesabu ya nani anamsogelea nani, na baada ya sekunde ngapi. Mambo yakianza kukaribiana humwambia rubani kwanza kwamba kuna ndege: angalia. Hiyo ni tahadhari. Yakizidi hutoa amri: panda, au shuka, au acha kushuka. Amri huja zikiwa zimebaki kati ya sekunde 15 na 35 ndege zikutane, na rubani anatarajiwa awe ameanza kuitii ndani ya sekunde 5. Hazitoshi hata kufunga kamba za kiatu.

Ndege zote mbili zikiwa na tikasi, vyombo hivyo huelewana vyenyewe kwa redio: wewe pita juu, mimi nipite chini. Ndiyo maana amri yake haina mjadala. Ukiamriwa kupanda nawe ukashuka kwa sababu unadhani unajua zaidi, unamfuata mwenzako kule kule alikoambiwa aende kukukwepa.

Hilo lilitokea usiku wa tarehe 1 Julai 2002 juu ya Überlingen, Ujerumani. Ndege ya abiria ya Urusi aina ya Tupolev na Boeing ya mizigo zilikuwa kimo kimoja, futi 36,000. Mwongoza ndege aliyekuwa zamu kule Zurich alikuwa peke yake, mwenzake amekwenda kupumzika, simu kuu iko kwenye matengenezo, na mtambo wake wa kumwonya nao haukuwa unafanya kazi kikamilifu. Alipoona hatari akamwambia Mrusi ashuke. Sekunde chache baadaye tikasi ya Mrusi ikasema panda. Tikasi ya ndege ya mizigo ikasema shuka, nayo ikatii. Mrusi akaendelea kumtii mtu. Walikufa watu 71, wengi wao watoto waliokuwa wakienda likizo Uhispania. Mwaka 2004 baba mmoja aliyepoteza mke na watoto wawili katika ajali hiyo alimfuata yule mwongoza ndege nyumbani kwake akamuua.

Na somo lilikuwa limeshaandikwa. Tarehe 31 Januari 2001, karibu na Yaizu, Japani, ndege mbili kubwa za shirika moja zilikoswakoswa kwa sababu ile ile: mwongoza ndege alichanganya namba za safari, akamwambia mmoja ashuke wakati tikasi inamwambia apande, rubani akamsikiliza mwongoza ndege. Watu wapatao 100 waliumia kwa kurushwa huku na huku. Mwaka mmoja na nusu dunia ilikaa na onyo hilo mkononi. Baada ya Überlingen ndipo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipoliweka wazi pasipo shaka: tikasi ikiamuru na mwongoza ndege akisema kingine, rubani afuate tikasi. Humjulisha mwongoza ndege kwa maneno machache tu kwamba anatii amri ya chombo, na mwongoza ndege hujibu kwamba amesikia, kisha hamgusi mpaka aambiwe hatari imepita.

Sasa njooni kwenye kutua, maana hapo ndipo marubani wenyewe hukiri kwamba mkono huwa mzito. Uko safarini futi 30,000, kupanda au kushuka futi mia tatu hakumsumbui mtu. Abiria anaendelea na chai yake. Lakini ukiwa unaitazama barabara ya kutua, magurudumu nje, mwendo umepungua, orodha ya ukaguzi imesomwa, amri ya kupanda maana yake ni kuacha kila kitu na kuanza upya. Kuna mafuta, kuna abiria wa safari inayofuata wanaosubiri Kisumu, kuna fomu ya kujaza. Tena mnara wa waongoza ndege umeshakwambia kuna ndege nyingine, na wewe unadhani umeiona.

Neno "nimeiona" limeua watu. Septemba 25, 1978, San Diego, Marekani, Boeing 727 ilikuwa inakuja kutua na mnara ukaiambia kuna Cessna ndogo mbele yake. Marubani waliiona, kisha wakaipoteza, wakaamini wameshaipita. Ilikuwa chini yao. Watu 144 walikufa, wakiwemo saba waliokuwa majumbani mwao. Siku hizo tikasi haikuwepo. Leo ipo, na rubani anayesita kuitii kwa sababu ameona ndege dirishani hana njia ya kujua kama aliyoiona ndiyo inayolalamikiwa. Huenda ni nyingine kabisa. Juu ya ziwa letu saa mbili asubuhi, jua likiwa linakupiga usoni na maji yanameta, hata mimi mwenye miwani mipya siwezi kuapa nimeona nini.

Kwa hiyo mkimwita rubani na kumuuliza kwa nini hakutumia macho, mnamfundisha yeye na wenzake wote wanaosikia habari hizo kwamba mara nyingine wasubiri kidogo. Sekunde mbili za kuwaza barua ya maelezo, kati ya zile tano. Nasema hili kwa wakuu wa mashirika hasa: kusanyeni takwimu za kila amri ya tikasi, zichambueni, mjue zinatokea wapi na kwa nini. Hiyo ni kazi njema. Lakini itoeni kwenye ofisi ya nidhamu muipeleke kwenye ofisi ya usalama, na Mamlaka itoe agizo la maandishi kwamba rubani aliyetii amri ya tikasi hawezi kuadhibiwa wala kudaiwa mafuta. Agizo liwe ukurasa mmoja. Libandikwe hata chooni.

Nimefika kwenye swichi.

Hodi haina maana kama jirani haitikii. Tikasi haina macho; ndege isiyo na transiponda, au iliyoizima, kwake haipo. Sasa tazameni anga letu la Nyanza na Magharibi. Ndege za abiria kutoka Nairobi zinalazimika kubeba tikasi, kwa kuwa kanuni ya kimataifa tangu Januari 1, 2005 inazihusu ndege za injini za tabini zinazozidi kilo 5,700 au zinazoruhusiwa kubeba zaidi ya abiria 19. Vindege kama Cessna Caravan na vidude vya mafunzo havimo. Helikopta pia hazimo. Na Jumamosi za huku mnazijua wenyewe, Waheshimiwa, maana wengine wenu huja nazo: mazishi Siaya, harambee Vihiga, harusi Homa Bay, chopa tatu zimetua uwanja wa shule ya msingi na watoto wamejaa vumbi hadi kope. Agosti 2027 kuna uchaguzi. Miezi ya kabla yake chopa zitakuwa nyingi kama kumbikumbi baada ya mvua, kila moja na mgombea anayemhimiza rubani wake kwa saa ya mkononi.

Sisemi chopa ziondolewe. Nasema ziitikie hodi.

Transiponda ya ndege ndogo, za zamani hasa, ina swichi ya kuzungusha. Imezimwa, inasubiri, imewashwa, halafu mbele kabisa herufi tatu, ALT. Ikiachwa kwenye kusubiri, haijibu kitu. Ikisogezwa hatua moja tu, kwenye kuwashwa, inajibu "nipo" lakini haisemi iko kimo gani, na tikasi ya ndege kubwa ikikosa kimo hutoa tahadhari peke yake. Haiwezi kuamuru panda wala shuka, maana haijui wewe uko juu au chini. Rubani wa ndege kubwa anasikia kuna ndege, anageuza shingo, anatafuta. Inabaki hatua moja ya swichi, mlio mmoja mdogo wa "tk", ndipo ndege ile iwe jirani anayeonekana kamili. Sijui ni mara ngapi nimeingiza mkono kwenye ndege iliyotoka safari nikaikuta swichi hiyo iko hatua moja nyuma. Nilizoea hata kuisogeza gizani bila taa, kwa kuhesabu milio.

Kuna kosa jingine baya zaidi, nalo ni kujibu uongo. Nilipokuwa bado kazini, mwenye ndege ndogo aliileta nipime redio. Nikafunga pampu ya majaribio kwenye tundu la hewa, nikavuta mpaka saa ya kimo ya rubani ikasoma futi 6,000. Kile kijisanduku kinachogeuza mgandamizo wa hewa kuwa namba kikajibu 6,700. Nikarudia. 6,700. Nikamwita.

"Fundi, lakini redio inaongea vizuri?"

"Redio iko sawa. Inayodanganya ni hii."

"Wewe andika tu iko sawa. Niko na safari kesho."

Nilikataa. Akaipeleka kwa fundi mwingine, na wiki iyo hiyo nikaiona inapita juu ya paa langu. Futi 700 za uongo ni kitu gani? Mnara hutenganisha ndege kwa futi 1,000 kwenda juu. Ondoa 700. Tikasi ya ndege kubwa ingeliamini lile jibu kabisa, na ingeweza kumwamuru rubani ashuke amfuate yule yule inayemkwepa.

Ombi langu la pili basi ni hili: kabla msimu wa kampeni haujaanza, tumeni wakaguzi na kifaa cha kupimia, kile cha kushikwa mkononi, wasimame kwenye maegesho ya Kisumu, Eldoret, Kakamega na Kabunde ya Homa Bay bila kupiga simu mbele. Ndege isiyojibu, au inayojibu kimo cha uongo, isipae hata kama anayesubiriwa ni mheshimiwa. Na kwa kila chombo kinachoingia eneo la Kisumu, mwongoza ndege amuulize rubani kimo chake na kukilinganisha na mtambo unavyosema. Swali la sekunde nne. Ila waongoza ndege wawe wa kutosha kuliuliza. Usiku wa Überlingen mtu alikuwa mmoja, meza mbili.

Naomba pia msijidanganye kwamba tikasi itafanya kila kitu. Kiwanja chetu kiko kama futi 3,800 juu ya usawa wa bahari, lakini chombo hakihesabu kutoka bahari. Kinapima kwa redio hadi ardhini au majini. Ndege inayotua ikifika karibu futi 1,000 kutoka chini, tikasi inaacha kutoa amri, kwa sababu kumwambia mtu ashuke hapo ni kumwambia azike pua. Kwa anayekuja kutoka upande wa ziwa, hapo ni kama kilomita tano au sita kabla ya barabara ya kutua, bado yuko juu ya maji, na imebaki zaidi ya dakika moja. Safari yetu ya siku ile ilikuwa bado juu ya mpaka huo. Tungekuwa chini yake, rubani angesikia tahadhari tu.

Washington ilikuwa hivyo. Tarehe 29 Januari 2025 ndege ya abiria ilikuwa inatua usiku, helikopta ya jeshi ikakatisha mbele yake juu ya mto Potomac. Tikasi ilitoa tahadhari kama sekunde 20 kabla. Amri haikuja, isingeweza kuja, walikuwa chini mno. Zikagongana kwenye futi 300 hivi. Watu 67. Nasi tusijione tuko mbali na mambo hayo: Machi 5, 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyotoka kiwanja cha Wilson, Nairobi, na watu 44 iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Wawili waliokuwa kwenye Cessna hawakurudi.

Kwa hiyo ile dakika ya mwisho juu ya ghuba ni ya mnara na macho, na njia za helikopta zichorwe zisiikate. Chopa inayotoka mjini kwenda Rarieda au Bondo ina anga lote la kupitia. Haina haja ya kukatisha pua ya ndege inayotua eti kwa sababu mkubwa anataka kupiga picha Usoma kutoka juu. (Na hao wapiga picha wa harusi wenye droni kule ufuoni, mtu awafikie pia. Droni haina hodi wala karibu.)

La mwisho ni dogo na halina gharama. Rubani wetu alieleza kilichotokea, namshukuru, lakini alieleza kwa Kiingereza mara moja, kwa haraka, kelele za injini bado ziko masikioni. Mama yule wa kando yangu aliniuliza, "Baba, amesema nini? Tunaanguka?" Nikamweleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo kwa sababu mkono haukuwa umeniachia. Nilipomwambia kwamba ndege imepiga hodi, mwenzake akaitikia, ikaonekana njia ni nyembamba na sisi tukapisha, alitulia palepale akaanza kutafuta kiatu cha pili kilichokuwa kimeteleza chini ya kiti cha mbele. Sentensi tatu za Kiswahili kwenye spika zingemtosha hata yule mzee wa tai. Ziandikeni, mzigawe kwa kila ndege, rubani au mhudumu azisome.

Kifaa changu cha kupimia bado ninacho, cha zamani lakini hakijawahi kunidanganya. Wakaguzi wenu wakikosa usafiri au wakikosa mtu wa kuwaonyesha ile swichi inavyolia, nitafika maegeshoni kwa miguu siku yoyote ila Jumapili kabla ya saa sita. Chai ya tangawizi nitakuja nayo kwenye chupa.

Wenu,
Fundi mstaafu,
Otonglo, Kisumu